Mgeni Mwenye Kidonda

Antananarivo, 10 Mei 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kizingitini ukiota jua, si umelala kitandani. Mgongo unasemaje? Usingizi unakuja? Mimi mzima. Kiwandani tunashona makoti ya watu wa nchi za baridi, vidole vimeota sugu, lakini nashukuru Mungu. Majirani wote wa hapa wanakupa pole tena na tena.

Mama, tangu tumzike Mamisoa, nikifumba macho naona zizi tupu. Kaka yangu amekufa kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wamekwenda. Sasa uko peke yako katika nyumba ile, juu ghorofani moshi wa jiko, chini hakuna hata ndama wa kukupumulia. Baba mdogo Ralaivao ameniandikia. Anasema uje ukae na mimi huku mjini, yeye ataangalia mashamba ya mpunga mpaka utakapotaka kurudi. Naona ana moyo. Fikiria, Mama.

Halafu kuna jambo jingine. Mume wa Lalao, yule dereva wa lori la maharage, alipita hapa juzi. Akanywa chai akanyamaza, akaongezwa akanyamaza. Nikamwambia, "Shemeji, sema tu." Akasema, "Mama yako ana mwanamume ndani." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ni nani huyo, Mama?

Binti yako,
Voahirana


Ambatovory, 31 Mei 1998

Voahirana mwanangu,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mwenyewe, ijapokuwa miwani imebaki kioo kimoja. Ukiona mstari wangu umepanda mlima, ujue sababu. Mgongo upo, nami nipo, tunavumiliana. Wewe je? Unakula? Ukishona usiku kucha, macho hayarudi, na huko hakuna mtu wa kukusomea.

Mwambie mume wa Lalao kwamba bibi wa umri wangu akiwa na mwanamume ndani, kwanza apewe hongera, maswali baadaye.

Sasa sikiliza. Baada ya mazishi nilishindwa kusali. Nilivaa kanzu yangu nyeupe ya utumishi kama kawaida, nikaenda kambi ya maombi, nikawawekea wagonjwa mikono, lakini mikononi hamkuwa na kitu. Ni kama kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka. Nikamwambia Mungu wazi: "Bwana, ulimchukua baba yao, nikanyamaza. Umemchukua na Mamisoa. Sikuombi unifariji. Nionyeshe tu pa kuweka mguu kesho."

Kesho yake nilikwenda kufungulia maji shambani. Kwenye tuta la mpunga nikamkuta mtu amelala kifudifudi, mdomo umegusa maji, paja limevimba kama boga. Niliomba mahali pa kuweka mguu wangu, Bwana akaniletea mguu wa mtu mwingine, nao unanuka.

Watumishi wenzangu wa kambini walisema hawana nafasi. Nafasi ipo, ila walikuwa na pua. Basi nikaita vijana wakambeba kwa shuka mpaka kwangu. Anaitwa Remaro. Anatoka magharibi, kule kwenye nyika, anaburuta maneno kama watu wa huko. Nikimsafisha kidonda hapigi kelele, anauma kona ya mkeka.

Kuhusu kuja huko: mshukuru baba yako mdogo, lakini mashamba yangu nitayaangalia mwenyewe. Nikiondoka sasa nitaonekana nimefukuzwa na waliomuua mwanangu.

Mama yako


Antananarivo, 21 Juni 1998

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila sijalala vizuri tangu nisome barua yako.

Umesema anatoka magharibi. Wezi walikwenda upande gani na ng'ombe wetu? Magharibi. Umesema ana kidonda pajani. Kidonda cha nini? Watu waliokuja kwenye msiba walisema Mamisoa alitoka na mkuki wa baba, na ule mkuki haukuonekana tena. Ulimwendea nani?

Mtu mzima hatoki nyikani, akavuka milima na mguu mbovu, akaja kuanguka kwenye shamba lako wewe kati ya mashamba yote ya Ambatovory. Wewe unaita hiyo njia ya Mungu. Mimi naiita mtu anayejua njia.

Mwulize amechomwa na nini. Mwulize kwao anafuga au analima. Angalia ng'ombe wa jirani wakipita anawatazamaje. Mchunga ng'ombe hutazama pembe, lakini mwizi hutazama alama ya sikio. Baba alitufundisha hivyo.

Na usiseme Mungu amemleta. Nyoka naye huingia ndani mwenyewe, hakuna anayemtuma.

Binti yako mwenye wasiwasi,
Voahirana


Ambatovory, 12 Julai 1998

Voahirana mwanangu,

Salamu kutoka kwenye baridi. Asubuhi majani yote meupe, na kuku hawataki kushuka. Mimi sijambo, nakohoa kidogo tu. Wewe usingizi umerudi? Chemsha majani ya mchaichai, unywe kabla ya kulala.

Umeniuliza maswali kama askari. Nitakujibu, maana na mimi nilikuwa nimeshajiuliza. Kuvaa kanzu nyeupe si kutolewa akili.

Nilimwuliza amechomwa na nini. Alisema aliangukia kisiki. Nimeosha vidonda miaka mingi, na kisiki huchana. Hiki kiliingia kwa tundu dogo na kwenda ndani. Nikamwambia, "Kisiki cha kwenu kina ncha ya chuma." Akarudi kuuma kona ya mkeka.

Ng'ombe wakipita hatazami pembe wala sikio. Anaingia ndani.

Na kuna hili, ambalo nilitaka kukuficha. Sasa anatembea kwa fimbo, ananichotea maji. Wewe unajua njia fupi ya kwenda chemchemi, inapita ubavuni mwa zizi, pale Mamisoa alipoanguka. Mvua imeshaosha, nyasi zimeota, hakuna alama. Remaro hapiti pale. Anazunguka nyuma ya banda la nguruwe, kwenye matope, na mguu wake ule na ndoo kichwani. Kila siku. Na hakuna aliyemwonyesha mahali.

Nilipoliona jambo hilo niliketi, nikashika kichwa. Nikasema, Bwana, ndiyo hii njia yako? Hakunijibu. Lakini hakuniambia nimfukuze, na kidonda kilikuwa bado kinatoa maji. Kwa hiyo nimekisafisha tena leo.

Baba yako mdogo Ralaivao anakusalimia. Tangu mgeni aje hapandi tena ngazi. Anasimama uani na kusema, "Shemeji, hujambo huko juu," halafu anaondoka. Anasema harufu inamshinda. Sasa harufu imekwisha, naye bado anasimama uani. Wanaume ni watu wa ajabu.

Mama yako


Antananarivo, 2 Agosti 1998

Mama,

Anajua mahali kaka alipoanguka. Unaniandikia hivyo, kisha unaniandikia habari za mchaichai.

Sitangoja kidonda kipone. Nimemwandikia Baba mdogo leo hii, na barua ameichukua mume wa Lalao ampe mkononi. Nimemweleza yote: tundu la mkuki, njia anayoizunguka, kila kitu. Yeye ndiye mwanamume pekee aliyebaki katika ukoo wetu. Atakuja na watu wamkamate.

Ukinikasirikia, nikasirikie. Nimeshampoteza kaka. Sitaki kuletewa habari yako na dereva wa lori anayekunywa chai akinyamaza.

Voahirana


Ambatovory, 25 Oktoba 1998

Voahirana mwanangu,

Nakusalimu. Najua umengoja, na najua umewauliza watu wa lori, na nimesikia walivyokujibu kila mtu na lake. Nilikuwa sina mkono wa kuandika. Kiganja cha kulia kilichunika, utaona kwa nini. Sasa kimepona. Wewe hujambo?

Keti chini, usome polepole.

Siku barua yako ilipofika nilikuwa barazani na Remaro, tunamenya muhogo. Niliisoma, nikaikunja, nikamwuliza, "Remaro, ulikuwepo?"

Aliendelea kumenya mpaka kapu likaisha. Akasema, "Nilikuwepo, Mama."

Yeye ndiye aliyekuwa ameshika boriti za lango ng'ombe watoke. Mamisoa alipotoka na mkuki, alimwona Remaro kwanza, akamrushia, ukamwingia pajani. Mwingine akatoka nyuma ya ukuta akampiga mwanangu. Wenzake wakaondoka na ng'ombe, wakamwacha. Alijificha makorongoni mpaka homa ikampanda, ndipo akaanza kutembea kwenda kwao magharibi. Alidhani anakwenda magharibi. Homa ilimgeuza, akaja mpaka kwenye maji yangu.

Voahirana, kumbe miezi yote ile nilikuwa naosha kazi ya mkono wa mwanangu. Niliondoka barazani, nikaenda nyuma ya banda la nguruwe, nikasimama kwenye matope anayopita.

Niliporudi alikuwa palepale. Hakukimbia, na fimbo ilikuwa karibu. Nikamwuliza, "Nani alivunja lango?" Lango letu wewe unalijua, mgeni hawezi kulifungua bila kelele. Akasema, "Tulilikuta wazi. Mzee aliyetufungulia ndiye yule anayekusalimia kutoka uani."

Sikumwamini. Nilimwita mwongo, nikamwambia mwizi aliyebanwa humtaja yeyote. Baba yako mdogo alilia kwenye kaburi la Mamisoa kuliko sisi sote. Nilikuwa bado namtukana pale alipotokea Ralaivao mwenyewe, na vijana wanne na kamba, na barua yako mkononi. Akasema, "Hata binti yako anajua, shemeji." Remaro akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno Ralaivao alimpiga rungu la kinywa.

Ndipo nikajua. Mwenye moyo safi humwacha mwizi aseme.

Vijana walitaka apelekwe kwa askari wa mji wetu wa wilaya. Ralaivao akakubali upesi mno, akasema twende njia ya korongo, ni fupi. Wewe umekulia hapa, unajua wanaofungwa kamba wakapelekwa kwa njia ya korongo hawafiki, husemekana walikimbia. Niliingia ndani, nikavaa kanzu yangu nyeupe, nikatoka, nikashika mkia wa kamba, nikauzungusha kiganjani mara nyingi.

Ralaivao akasema, "Shemeji, rudi. Njia ni ndefu kwa mgongo wako."

Nikamwambia, "Nitarudi nikishafika."

Mwanangu, sikuwa na ujasiri wowote. Wala sikuwa nimemsamehe yule mtu mbele yangu. Kila alipochechemea nilisema moyoni, chechemea, umestahili. Sikujua Mungu ananipeleka wapi, nilijua tu kamba isiniponyoke. Korongoni Ralaivao akasema tupumzike. Nikajibu, "Pumzikeni nyinyi. Mimi nikikaa sitainuka." Nikamsukuma Remaro, tukaendelea, na vijana kwa aibu wakatufuata. Mmoja wao, kijana wa Rafara, akaanza kuimba wimbo wa kanisani ili nipate mwendo, wengine wakaitikia. Ralaivao hakuimba. Tulipovuka kijito alisema anakunywa maji. Hakutufikia tena mpaka leo.

Kwa askari Remaro alisema yote, kinywa kikiwa kimevimba, na wale vijana wanne wakisikia. Wawili wa wenzake wameshakamatwa. Ralaivao bado anatafutwa. Alikuwa ameahidiwa fungu la ng'ombe, nami nikihamia kwako, mashamba yabaki mkononi mwake. Mke wake bado ananisalimia. Namwitikia.

Najua unachofikiri sasa: "Barua yangu ilimwendea muuaji." Ndiyo, ilimwendea. Lakini isingemwendea, asingekuja na kamba, nami hadi leo ningekuwa namwita shemeji na kumpakulia wali. Sisemi Mungu ndiye aliyekuandikisha. Mimi siwezi kuyasoma mambo yake kinyumenyume, nasoma mstari nilioufikia.

Alhamisi nakwenda mjini wilayani kumpelekea Remaro chakula. Gerezani asiye na ndugu hula muhogo mkavu, na kwao ni mbali.

Mama yako


Antananarivo, 17 Januari 1999

Mama,

Nimekaa na barua yako tangu Novemba. Nilimpa Baba mdogo kamba kwa mkono wangu. Hilo ni langu, nitalibeba, usinipunguzie kwa maneno ya mstari ulioufikia.

Lakini la chakula siliwezi. Alishika boriti wakati kaka anakufa. Kisha akalala kwenye nyumba ya kaka, akala wali wa kaka, miezi, akijua, akikuangalia ukimpaka dawa. Alikiri ulipomwuliza. Usingemwuliza? Na je, kumtaja Baba mdogo ilikuwa toba, au aliogopa tu Baba mdogo atamuua kwanza? Umewahi kujiuliza hilo?

Kila Alhamisi unapanda lori na kikapu kwa ajili yake. Mwaka wa tisa huu niko huku, mimi hujawahi kuniletea kikapu.

Usiniandikie habari zake tena. Na kama huna habari nyingine, pumzisha mkono.

Voahirana


Ambatovory, 4 Julai 1999

Voahirana mwanangu,

Hii ni ya tatu bila jibu, nami nakusalimu vilevile kana kwamba umejibu. Hujambo? Kazi haijambo? Nimesikia mmeongezewa saa.

Maswali yako nimejiuliza. Nilijiuliza hata kabla yako, na nitakufa sijayajibu. Mtu huyo simjui. Najua mguu wake tu.

La kikapu limeniuma, kwa sababu ni kweli. Ulikuwa mzima, nikadhani mzima hahitaji kupelekewa. Nisamehe.

Watu wa kambini hunishangilia sasa, husema imani ya mama huyu ni mlima. Wasikudanganye. Kuna siku simsikii Mungu kabisa, ni kama nyumba iliyohamwa. Siku hizo nakwenda tu kule alikonielekeza mara ya mwisho, mpaka anielekeze kwingine.

Amehukumiwa miaka saba. Samahani, nimeandika habari zake. Mkono umezoea.

Kifua kimenishika tangu mavuno, siku hizi sishuki ngazi. Mke wa Ralaivao ananiletea uji. Mjini sijakwenda wiki nyingi. Sikuombi kitu, mwanangu. Nakueleza tu nilivyo, kwa kuwa mama akificha ugonjwa, watoto humlaumu kaburini.

Mama yako


Mjini wilayani, 5 Agosti 1999

Mama yangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Kifua kinasemaje? Je, unakula, au unaonja tu na kusema umeshiba? Mimi mzima. Nimeomba ruhusa kiwandani, wamenipa wakinuna.

Nimefika hapa asubuhi. Nilikuwa nije kwako moja kwa moja, lakini lori la huko haliondoki mpaka kesho, na leo ni Alhamisi. Nikazunguka sokoni, nikajikuta nanunua wali na maharage kwa mama mmoja. Sikutaka kupika, nisije nikasema nimempikia.

Nikaenda gerezani. Kichwani nilikuwa nimejenga jitu kubwa. Ni mdogo, Mama. Mbona hukuniambia ni mdogo? Ana masikio kama ya mtoto wa shule. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema, "Dada yake Mamisoa." Akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukumwambia mama yangu tangu siku ya kwanza?"

Akasema, "Alikuwa anaosha kidonda."

"Hilo si jibu."

"Ndiyo," akasema, "si jibu."

Nikaweka chakula chini. Hakukigusa. Aliniuliza kwanza kama uko hai. Alisema, "Siku nyingi hajaja. Kila nikisali naomba awe amenichoka tu."

Nikamwambia unaumwa kifua. Akakaa chini, akafunika uso, kisha akala, maana nilimwambia ale.

Bado simwamini, Mama. Muda wote alipokuwa akila nilimtazama, nikitafuta uongo usoni mwake, mpaka askari akasema saa imekwisha. Sijaupata. Nitautafuta tena Alhamisi ijayo.

Barua hii anakuletea mtu wa huko anayerudi kwa miguu jioni hii. Kesho nakuja. Usishuke ngazi kunipokea, nitapanda.

Binti yako,
Voahirana